Ng'ombe hangojei hundi

Msomaji mpendwa, wewe unayeishi Umoja, Kisauni au Kondele, huenda hujawahi kumiliki hata mbuzi mmoja. Maziwa unayajua kwa pakiti na nyama unaijua kwa mizani ya mwenye bucha. Ukisikia redioni kwamba serikali imetenga pesa za dharura kwa wafugaji wa kaunti fulani ya kaskazini, unaguna kidogo, pengine unajiuliza ni kwa nini kodi yako iende kuwanunulia watu nyasi, kisha unabadilisha stesheni utafute muziki.

Sikulaumu. Lakini hebu keti nami dakika chache nikueleze jinsi pesa hizo zinavyotoka, zinavyofika na zinavyochelewa, kwa maana jambo hili limo katika nyumba nyingi za mjini kuliko unavyodhani. Katika nyumba yangu limekuwamo kwa zaidi ya miaka 20, tangu nilipoolewa na mwana wa mfugaji kutoka upande wa Laisamis, Kaunti ya Marsabit. Mimi mwenyewe nililelewa penye mahindi na kahawa, ambako ng'ombe wawili wa maziwa walifungiwa zizini wakakatiwa nyasi asubuhi na jioni. Nilidhani nayajua mambo ya ng'ombe. Kumbe nilikuwa najua mambo ya maziwa tu.

Kwa wakwe zangu ng'ombe ndiye akaunti ya benki, ndiye mahari, ndiye bili ya hospitali, ndiye karo. Mtoto akiitwa shule ya upili, fahali mmoja hupelekwa soko la Merille. Mama akiugua, mbuzi wawili huuzwa. Na chakula cha kila siku, hasa cha watoto na wazee, ni maziwa. Kwa hivyo mfugaji anayefiwa na ng'ombe hupoteza mshahara, akiba na kiamshakinywa kwa wakati mmoja.

Sasa sikiliza jinsi ukame unavyoua. Watu wengi wa mjini hudhani kwamba jua huwaka, maji hukauka, ng'ombe huanguka, basi. La hasha. Ukame huanza kwa kuua bei. Mvua ya msimu ikikosa, nyasi za karibu huisha, ng'ombe hukonda, na kila mfugaji hupata wazo la kuuza siku ile ile. Soko hujaa mifugo waliokonda, na wanunuzi ni wale wale wachache.

Baada ya bei, ukame huua maziwa. Ng'ombe hukauka, ndama hufa, na watoto wa nyumbani huanza kunywa chai isiyo na maziwa. Halafu huua nguvu. Ng'ombe hulala usiku, na asubuhi hawezi kuinuka mpaka wanaume wanne wamshike pembe na mkia. Kifo chenyewe huja mwisho, na mara nyingi miezi mingi imeshapita tangu siku ile bei ilipoanza kushuka.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike. Shilingi elfu moja ikimfikia mfugaji wakati bei ingali nzuri, itanunua nyasi, maji na dawa, na itamwokoa asiuze kwa hasara. Elfu hiyo hiyo ikifika wakati ng'ombe ameshalala, itanunua unga tu. Ikifika baada ya ng'ombe kufa, haiwezi kununua hata mkia wa yule aliyekufa. Pesa ni zile zile, thamani yake hutegemea tarehe.

NDUGU WAWILI

Katika jamaa yetu tuna mfano wa jambo hili, nami nitausimulia kwa ufupi.

Mvua ya vuli ya mwaka 2020 ilikosa. Masika ya 2021 nayo ikakosa. Mwezi Julai mwaka huo baba mkwe alimpigia mume wangu simu. Alisema kwamba ameamua kuuza madume manane, na kwamba ikiwa wanawe walioajiriwa wana chochote cha kuongeza, waongeze wakati huo, wasingoje Krismasi. Aliwauza wale madume huko Merille kwa wastani wa shilingi 26,000 kila mmoja, jumla shilingi 208,000. Mume wangu na ndugu yake anayefanya kazi Isiolo wakachanga walichokuwa nacho. Lori la nyasi likaja kutoka Timau, ng'ombe sita wenye mimba wakatengwa karibu na boma, na waliosalia wakaondoka na vijana kufuata malisho.

Mdogo wake, ambaye sisi humwita baba mdogo, alikuwa na ng'ombe wa idadi karibu ile ile. Si mvivu wala si mjinga. Lakini alikuwa amesikia barazani kwamba kuna mpango wa kununua mifugo walio dhaifu, kwa bei iliyo bora kuliko ya madalali. Tarehe haikutajwa. Naye akawaza kama ambavyo wewe na mimi tungewaza: kwa nini nimpe dalali ng'ombe wangu kwa bei yake, ilhali msaada u njiani? Akangoja.

Agosti ikapita. Oktoba ikapita. Kila alipouliza aliambiwa kwamba orodha inaandaliwa. Lori lilipofika hatimaye, lilichukua ng'ombe wawili tu kutoka kwake, kwa kuwa wawili tu ndio walioweza kupanda lori kwa miguu yao wenyewe.

Mvua ya maana ilirudi Machi 2023, baada ya misimu mitano mfululizo kukosa. Baba mkwe alikuwa amebaki na ng'ombe kumi na mmoja, na miongoni mwao walikuwamo watano kati ya wale sita wa nyasi za Timau. Baba mdogo alibaki na ng'ombe watatu na punda.

Alikuwa na binti katika kidato cha pili mwaka 2022. Karo ilikatika, na msichana akaja kwetu Nairobi na sanduku lake la bati. Alilala sebuleni mwetu mpaka alipofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Karo yake ya shule ya kutwa ilitoka katika mshahara wa mume wangu na katika cherehani yangu. Sisemi haya kwa kulalamika. Ni mtoto wetu, na nyumba ilichangamka alipokuja. Nataka tu uone msaada uliochelewa huishia kulipwa na nani.

Ukitazama vyema, utaona kwamba kilichomponza baba mdogo ni ahadi. Laiti asingeahidiwa chochote, angeuza Julai pamoja na kaka yake. Ahadi ya msaada isiyo na tarehe humfunga mfugaji mikono wakati ule ule anaopaswa kuitumia. Ndiyo maana husema kwamba katika mambo haya, tarehe ndicho kitu cha kwanza cha kuahidi, na kiasi kifuate baadaye.

SERIKALI HULIPAJE?

Isije ukadhani kwamba nchi yetu haijajaribu. Imejaribu, na baadhi ya mambo iliyoyajaribu yamesomwa na mataifa mengine.

Kuna mpango wa pesa taslimu unaojulikana kwa kifupi kama HSNP, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na baadaye ukasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, yaani NDMA. Malipo yalianza kwa shilingi 2,150 kila miezi miwili, yakapanda polepole hadi shilingi 5,400. Pesa huingia katika akaunti ya benki, na mama mwenye kadi huzitoa kwa wakala aliye karibu, bila kusafiri hadi mjini.

La kuvutia zaidi ni lile lililoanza mwaka 2015. Mbali na familia zinazolipwa kila wakati, familia nyingine nyingi zilisajiliwa na kufunguliwa akaunti mapema, zikawekwa akiba. Setilaiti hupima kutoka angani jinsi mimea ilivyo kijani katika kila eneo, na kipimo hicho hulinganishwa na cha miaka iliyopita. Kikishuka chini ya 20, ukame huhesabiwa kuwa mkali. Kikishuka chini ya 10, umepita kiasi. Hapo familia za ziada nazo hulipwa, na kadiri ukame unavyozidi ndivyo idadi ya wanaolipwa inavyoongezeka. Hakuna haja ya kuhesabu mizoga wala kungoja mheshimiwa azuru boma na wapiga picha.

Bila shaka pesa hizo ni chache. Shilingi 5,400 kwa miezi miwili ni shilingi 90 kwa siku kwa familia nzima. Isitoshe, kijijini mtu hali peke yake jirani akimtazama. Mama mkwe huniambia, "Binti yangu, kadi ni moja lakini sufuria ni nyingi." Hata hivyo, pesa chache zinazojulikana siku yake zina faida moja kubwa: mwenye duka hukubali kukopesha. Akijua kwamba mwezi fulani kadi italipa, atakupa unga leo, na mbuzi wako hataenda sokoni kwa bei ya kutupa.

Njia ya pili ni bima. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake hapa Nairobi, ilianzisha pamoja na washirika wake bima ya mifugo huko huko Marsabit. Nayo hutumia setilaiti. Mfugaji hakatiwi bima ya ng'ombe fulani mwenye jina na alama; anakatiwa bima ya malisho ya eneo lake. Malisho yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, kila mwenye bima wa eneo hilo hulipwa. Fidia ya kwanza ililipwa mwaka 2011.

Mwanzoni bima hiyo ilikusudiwa kulipia ng'ombe wanaokadiriwa kuwa wamekufa. Baadaye wenyewe waliona lile ambalo baba mkwe aliliona bila setilaiti, kwamba ni heri kulipa mapema, mnyama angali hai, ili pesa zinunue nyasi na dawa. Wakaubadilisha mkataba. Serikali ilipoanzisha mpango wake wa bima mwaka 2015, ikianza na Turkana na Wajir, ilifuata mtindo huo wa kulinda mnyama aliye hai. Ililipa ada ya bima kwa niaba ya familia zilizochaguliwa, kila moja kwa vipimo vitano vya mifugo. Kipimo kimoja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi na kondoo kumi. Februari 2017 zaidi ya shilingi milioni 200 zililipwa kwa takriban familia 12,000 katika kaunti sita.

Bima hii ina dosari zake, na ni haki nizitaje. Setilaiti huona rangi ya kijani, haiulizi kama jani hilo linalika. Eneo moja ni kubwa. Mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa mlima na kuukosa upande mwingine, na kipimo kikatoka kana kwamba mambo ni shwari. Mfugaji aliyelipa ada yake akakosa fidia, na huku ng'ombe wake wanalala chini, hatakata bima tena wala hatamshauri jirani akate. Siku hizi, chini ya mradi wa DRIVE ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti, mfugaji huchangia sehemu ya ada naye mradi humwongezea. Kwa hivyo maelezo yaliyo wazi ni muhimu kuliko zamani, maana sasa pesa za mfugaji mwenyewe zimo ndani.

HATA KWA WAKUBWA

Usidhani kuchelewa ni ugonjwa wa Kenya pekee. Marekani nako kuna kaunti, na kuna wafugaji wenye ranchi ambao hulipwa na serikali wakipatwa na janga. Wana mpango mmoja wa kulipia mifugo waliokufa, na mwingine wa kulipia malisho yaliyokauka. Ule wa malisho hufuata ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi, kaunti kwa kaunti. Mfugaji anaweza kuitazama ramani mwenyewe na kujua mahali anaposimama.

Hata hivyo, mwanzoni mwa Oktoba 2013 dhoruba ya theluji iliipiga South Dakota na kuua makumi ya maelfu ya ng'ombe waliokuwa bado malishoni. Ilitokea kwamba sheria ya kuwalipa wafugaji ilikuwa imeisha muda wake, na ofisi za serikali zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 1 mwezi huo kwa mvutano wa bajeti. Mfugaji hakuwa na pa kupeleka hata karatasi. Sheria mpya ilitiwa sahihi Februari 2014, na maombi yakaanza kupokelewa Aprili. Taifa tajiri namna hiyo, na bado mtu alikaa majira yote ya baridi akitazama mifupa!

Kwa nini basi pesa hizi huchelewa kila mahali? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni hili. Mwenye kushika mfuko huogopa kuulizwa, "Ulilipa ukame gani, mbona mvua imenyesha?" Haogopi sana kuulizwa, "Mbona ulichelewa?" Mzoga ni ushahidi ambao hakuna mkaguzi atakayeubishia, kwa hivyo kila mtu hungoja mzoga. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, misimu miwili ya mvua ilikuwa imeshapita mikono mitupu. Ukame huo ulipokwisha, zaidi ya mifugo milioni mbili walikuwa wamekufa.

Lakini hebu tupime hasara za pande zote mbili. Serikali ikilipa mapema na mvua ikanyesha, mfugaji atabaki na nyasi za akiba na deni dogo la dukani. Serikali ikichelewa na mvua ikakosa, familia itakuwa ombaomba kwa miaka, kwani ng'ombe huzaa ndama mmoja kwa wakati na kundi haliundwi kwa msimu mmoja. Hasara hizo mbili hazilingani hata kidogo.

WEWE UNAWEZA NINI?

Huenda unasema, mimi si waziri. Kweli. Lakini familia za mjini ndizo hazina ya dharura ya kwanza, hata kama haijaandikwa katika bajeti yoyote. Ikiwa una mzazi, mjomba au shemeji mfugaji, nina machache ya kukushauri.

Kwanza, mkae chini sasa, wakati nyasi zipo, mkubaliane mtatuma nini na lini. Sisi tumeamua kwamba msimu mmoja ukikosa, pesa za nyasi zinatumwa mwezi unaofuata, hata kama hakuna aliyelia kwenye simu. Nyasi nazo ni rahisi wakati wa mavuno yake. Kila mtu akishaanza kuzitafuta, bei ya robota hupanda na nauli ya lori hupanda nayo.

Pili, wanafunzi, kazi hii ni yenu. NDMA hutoa taarifa ya ukame kila mwezi kwa kila kaunti kame, na huonyesha kama hali ni ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Isome, kisha mpigie babu simu, umweleze kwa lugha anayoielewa. Neno "tahadhari" likionekana, huo ndio wakati wa kuuza madume. Likifika "dharura", soko limeshafungwa kwake.

Tatu, muulize mzee wako kama anajua bima ni ya eneo gani, inalipa kwa kipimo gani, na pesa zikilipwa zitaingia katika simu au akaunti ya nani. Wengi husajiliwa barazani wakarudi nyumbani bila kuelewa walichotia kidole. Na akiahidiwa msaada wowote, amuulize anayeahidi tarehe. Kama tarehe haipo, apange mambo yake kana kwamba msaada hautakuja. Ukija, ni heri.

Mwisho, nawe usiye na jamaa hata mmoja upande wa wafugaji, una kura, una kodi unayolipa, na una mjumbe wako bungeni. Pesa za ukame zinapojadiliwa, wengi huuliza ni ngapi. Uliza zitafika lini, na ni ishara gani itakayozifungua bila kungoja hotuba ya mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa karo za watoto, kule kaskazini na huku kwetu vilevile.